UZI: Masika hoteli inafungwa na mshahara unakatwa. Mkataba wako una masharti ambayo hayakuandikwa

Bin_Kiuyu (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila mwaka mvua za masika zikikaribia, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, meneja huwakusanya wafanyakazi na kuwaambia maneno yaleyale: wageni hakuna, nendeni majumbani, tutakupigieni simu. Barua hakuna, tarehe ya kurudi hakuna, na mwezi ukimalizika mshahara nao hakuna. Wengine huitwa mwezi wa sita, wengine hawaitwi tena. Ukiuliza unajibiwa: "Ndiyo desturi ya hoteli, na mkataba wako haukusema popote kwamba utalipwa ukiwa nyumbani."

Uzi huu nauandika kwa sababu ya jibu hilo. Nimewasaidia watu kuandika barua za madai, na nawaona wanavyolipokea jibu hilo kama vile hakimu kishahukumu. Hakuna hakimu aliyehukumu. Hoja ya namna hiyo ilipelekwa mahkamani zaidi ya miaka mia iliyopita na ikakataliwa, tena waliodai walikuwa na mkataba dhaifu kuliko wa mhudumu wa hoteli ya Kiwengwa.

Kabla ya kesi, tuweke jambo moja sawa. Ukitafuta ushauri mtandaoni utakutana na watu wa Bara wanaokuelekeza kwenye CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kwao, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hiyo si yetu. Kazi si jambo la Muungano. Sisi Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Mgogoro wako unaanzia kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi, kile ambacho wengi wanakiita DHU, na ukipanda unapanda Mahkama ya Kazi. Na kwa mikataba kwa jumla tumerithi Dikrii ya Mikataba, Sura ya 149, iliyofuata mfano wa sheria ya mikataba ya India ya 1872, ambayo nayo ilijengwa juu ya kanuni za Kiingereza. Ndiyo maana kesi nitakazozitaja nyingi ni za Uingereza.

Majaji wa kule walikubali zamani kwamba watu wawili wakipatana hawawezi kuandika kila kitu. Mwaka 1889 kulikuwa na kesi ya meli iitwayo The Moorcock. Wenye meli walipatana na wenye gati kwenye mto Thames kwamba itafunga hapo ishushe shehena. Pande zote mbili zilijua kuwa maji yakipwa meli itakaa chini. Maji yakapwa, meli ikakaa, kumbe chini pana kigongo cha ardhi ngumu, ikaharibika. Mkataba haukuwa na neno lolote juu ya hali ya chini ya gati. Mahkama ya Rufaa ikasema wenye gati walibeba dhamana bila ya kuiandika: kwamba wamefanya juhudi za kutosha kujua kama mahali pale panafaa meli kukaa. Bila ya dhamana hiyo mapatano yote yasingekuwa na maana kibiashara. Nahodha yeyote wa Mkokotoni analielewa hili bila ya wakili.

Nusu karne baadaye, 1939, ikaja kesi ya Shirlaw dhidi ya Southern Foundries. Huyu bwana alipewa umeneja mkurugenzi kwa miaka kumi. Kampuni ikanunuliwa na wakubwa wengine, wakabadilisha kanuni za kampuni, wakamuondoa kwenye ukurugenzi kabla ya muda. Kwa kuwa huwezi kuwa meneja mkurugenzi bila ya kuwa mkurugenzi, kazi ikafa. Jaji MacKinnon akaweka kipimo ambacho wanasheria hawakukiacha mpaka leo: fikiria pande mbili zinapatana, akatokea mpita njia mdadisi akauliza, "Na hili mbona hamlitaji?" Kama wote wawili wangemjibu kwa kuudhika kwamba hilo limo, nani asiyejua, basi limo. Bunge la Malodi, ambalo enzi zile ndilo lililokuwa mahkama ya juu kabisa ya Uingereza, nalo likampa Shirlaw haki yake mwaka uliofuata.

Sasa ile inayotuhusu sisi khasa: Devonald dhidi ya Rosser, Mahkama ya Rufaa, 1906. Someni hii taratibu.

Devonald alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati ya kopo huko Wales. Halipwi kwa mwezi wala kwa wiki, analipwa kwa kipande anachotengeneza. Soko likaharibika, mwajiri akaona hakuna faida, akafunga kiwanda. Baada ya wiki mbili ndipo akatoa notisi ya siku 28 ya kuvunja ajira. Devonald akadai malipo ya muda wote ule, tangu siku kiwanda kilipofungwa mpaka notisi ilipokwisha.

Mwajiri alikuwa na hoja mbili, na ukizisikia utadhani umekaa kwenye ofisi ya hoteli ya hapa kwetu. Ya kwanza: wewe unalipwa kwa unachozalisha, hukuzalisha, sikudai hunidai. Ya pili: ni desturi ya viwanda vya bati kufunga wakati oda hazina faida, na kila mtu anaijua.

Majaji walizikataa zote mbili. Juu ya ya kwanza walisema mkataba ule una sharti ndani yake, ingawa halikuandikwa, kwamba mwajiri atampa mfanyakazi kiasi cha kazi kinachofaa mpaka notisi imalizike. Angalieni mantiki yake. Mfanyakazi amefungwa, haruhusiwi kuondoka bila ya notisi. Ikiwa yeye amefungwa na mwajiri hakufungwa na chochote, basi mwajiri anaweza kumuweka mtu hewani, hana kazi, hana pesa, na wala hana ruhusa ya kwenda pengine. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia kwenye mapatano kama hayo kwa kujua. Juu ya ya pili walisema desturi ili iwe sehemu ya mkataba lazima iwe na mambo matatu: iwe ya haki na inayokubalika akilini, iwe na mipaka ya uhakika, na iwe inajulikana kiasi kwamba kila anayeingia kwenye kazi ile anachukuliwa ameikubali. Desturi ya mwajiri kufunga akitaka na kufungua akitaka haikupita.

Irudisheni sasa kwetu. "Nendeni, tutakupigieni simu." Kwa muda gani? Haijulikani. Nani ataitwa? Haijulikani. Nikitafuta kazi Paje wakati ule nitahesabiwa nimeacha kazi? Haijulikani. Jambo ambalo hata meneja mwenyewe hawezi kulieleza mipaka yake haliwezi kuwa desturi yenye uhakika. Na mhudumu wa hoteli ana nguvu kuliko Devonald, kwa sababu yeye barua yake inataja mshahara wa mwezi, wala haisemi analipwa kwa kila mgeni.

Lakini nisiwadanganye: si kila desturi inaanguka. Mwaka 1931, kesi ya Sagar dhidi ya Ridehalgh, wafumaji wa Lancashire walikuwa wanakatwa mshahara kwa kazi iliyofumwa vibaya. Kiwanda kile kilifanya hivyo zaidi ya miaka 30, makato yalikuwa na kiasi, na wafumaji wa eneo zima walijua. Mfumaji akashindwa. Kwa hiyo mkisikia mwajiri anasema "desturi", msibishe kwa hasira. Muulizeni maswali matatu yale: ni ya haki, ina mipaka, na inajulikana na nani?

Karibuni tujadili.

Mhasibu_Paje

Kaka Bin_Kiuyu, ahsante kwa darsa, lakini mimi nakaa upande wa pili wa meza. Hoteli yetu ina vyumba ishirini na kidogo. Aprili kuna siku hoteli nzima ina mgeni mmoja tu. Umeme unadai, jenereta linadai, mkopo wa benki unadai. Ukiniambia nilipe wafanyakazi wote miezi miwili bila ya kazi, mwezi wa sita hakutakuwa na hoteli ya kuwarudisha. Hao majaji wa kesi ya Wales walifikiria hilo?

Bin_Kiuyu

Walilifikiria, kaka yangu, na hoja yako ndiyo ileile aliyokuwa nayo Rosser. Jibu lao lilikuwa kwamba soko kuharibika ni khatari ya mwenye biashara. Faida ya Agosti na Disemba hamgawani na mhudumu, basi na ukame wa Aprili hauwezi ukabebeshwa yeye peke yake kimyakimya.

Lakini soma tena kesi yenyewe. Rosser hakuambiwa aendeshe kiwanda kwa khasara milele. Alikuwa na njia ya halali mkononi: notisi ya siku 28. Angeitoa siku anafunga, deni lingekuwa dogo. Kilichomgharimu ni kufunga kwanza na kufikiria sheria baadaye. Wewe nawe una njia. Mnaweza kuajiri kwa mkataba wa msimu wenye tarehe ya mwanzo na tarehe ya mwisho, mfanyakazi akasaini akijua kwamba Machi kazi inamalizika. Mnaweza kukaa na wafanyakazi, au na chama chao, mkapatana likizo zao za mwaka ziangukie masika, na siku zinazobaki walipwe nusu. Mkishindwa kabisa kuna utaratibu wa kupunguza wafanyakazi, wenye notisi na stahiki zake. Zote hizo zina maandishi na zina tarehe.

Ninachokipinga ni mtu kubakishwa kwenye daftari la wafanyakazi ili Juni apatikane kwa bei ileile, na wakati huohuo kuhesabiwa si mfanyakazi ili Aprili asilipwe. Chagueni kimoja.

Mhasibu_Paje

La mkataba wa msimu nimelielewa. Nitalipeleka kwa wakubwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kutuuliza tarehe, na sisi hatukuwahi kuandika.

BintiJambiani

Mimi swali langu ni gumu kidogo. Barua yangu ya ajira ina kifungu kinachosema mwajiri "ana haki ya kusimamisha kazi bila malipo wakati wa msimu mdogo kadiri atakavyoona inafaa". Nshasaini, miaka miwili sasa. Hao Devonald na Shirlaw watanisaidia nini?

Bin_Kiuyu

Dada, hapo ndipo pagumu na sitaki kukupaka asali. Sharti lisiloandikwa huingia pale mkataba uliponyamaza. Mkataba ukisema wazi kinyume chake, jaji kwa kawaida hatalitia neno ambalo wenyewe wamelikataa kwa mkono wao. Mpita njia wa Shirlaw angeuliza, mwajiri angemuonesha kifungu, na mambo yangekwisha. Ndiyo maana nawasihi watu wasome kabla ya kutia saini, khasa zile "barua mpya" zinazogawiwa Machi.

Hata hivyo kifungu chako hakikufunga mlango wote. Kwanza, Sheria ya Ajira ina viwango vya chini, na karatasi haiwezi kushuka chini ya sheria hata ukisaini mara kumi. Pili, maneno "kadiri atakavyoona inafaa" yanampa mwajiri uamuzi, na majaji wanauangalia uamuzi namna unavyotumika. Kulikuwa na kesi ya daktari kijana wa London, Johnstone dhidi ya Bloomsbury Health Authority, Mahkama ya Rufaa. Mkataba wake ulikuwa saa 40 kwa wiki, na juu yake mwajiri aliruhusiwa kumuita mpaka saa 48 zaidi kwa wastani. Mtu akawa hapati usingizi, akaugua. Mwajiri akasema: si ulisaini? Majaji wawili kati ya watatu walikubali kuwa kesi yake ina msingi, ingawa kila mmoja kwa sababu zake. Mmoja wao alieleza kwamba zile saa 48 zilikuwa ruhusa mkononi mwa mwajiri, na ruhusa hiyo ilibidi itumike pamoja na wajibu wa kutoharibu afya ya mfanyakazi.

Kwako wewe hoja ni hii: je, hoteli ilisimamisha kwa sababu ya msimu kweli, au ilikusimamisha wewe na kumuweka mtoto wa shemeji ya meneja kwenye zamu yako? Kama chumba kina wageni na kazi yako inafanywa na mwengine, hicho hakikuwa kifungu cha msimu tena. Weka kumbukumbu. Piga picha ya rosta.

Mzalia_Ngambo

Nimefuatilia kimya. Samahani kwa kusema hivi, lakini haya ni mambo ya Wazungu. Ukifika mbele ya msuluhishi ukamtajia meli ya 1889 si atakuona umechanganyikiwa?

Bin_Kiuyu

Usianze na meli, mzee wangu. Anza na Sheria ya Ajira, kifungu kwa kifungu, kisha barua yako ya ajira, kisha risiti za mshahara. Hukumu za Uingereza hazimfungi hakimu wetu, zinamshawishi tu. Zinafaa pale mwajiri anapotoa hoja ambayo sheria yetu imeinyamazia, kama hiyo ya "desturi". Hapo unakuwa na kipimo cha kumpa msuluhishi mkononi, na wakili wa upande wa pili anakijua vizuri, maana alikisoma chuoni. Nimeona madai yaliyokaliwa kwa wiki nyingi yakalipwa baada ya barua moja iliyouliza swali sahihi.

Baharia_Wete

Mimi ni mtu wa melini, meli za mafuta za nje. Sisi mikataba yetu imejaa maneno "kwa maoni ya kampuni". Mwenzetu akifa baharini, kampuni ndiyo inaamua kama familia italipwa au hailipwi. Kuna lolote juu ya hili?

Bin_Kiuyu

Lipo, na ni hukumu ambayo kila nyumba yenye baharia Pemba ingefaa kuijua. Braganza dhidi ya BP Shipping, Mahkama ya Juu ya Uingereza, 2015.

Braganza alikuwa injinia mkuu wa meli ya mafuta British Unity. Mei 2009, meli ikiwa katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, alipotea usiku mmoja. Hakuna aliyemuona akianguka. Mkataba ulikuwa na fidia ya kifo, isipokuwa kama "kwa maoni ya kampuni" kifo kimetokana na kitendo chake mwenyewe cha makusudi. Kampuni ikaunda timu ya uchunguzi, timu ikasema inaelekea alijiua, kampuni ikaichukua ripoti ile kama ilivyo na mjane akanyimwa fidia.

Majaji watatu dhidi ya wawili walimpa mjane haki. Walisema mwajiri akipewa na mkataba nguvu ya kuamua jambo linalogusa haki ya mfanyakazi, ndani yake mna sharti lisiloandikwa: aamue kwa nia safi, na kwa akili, yaani azingatie yanayostahili kuzingatiwa na aache yasiyohusika. Kusema mtu amejiua ni jambo zito, linataka ushahidi wenye uzito unaolingana nalo. Mmoja wa majaji aligusia kwamba marehemu alikuwa Mkatoliki, ambaye kwa imani yake kujiua ni dhambi kubwa. Kwetu sisi hilo halihitaji maelezo. Ushahidi waliokuwa nao kampuni ulikuwa mdogo na haukutosha kuubeba uamuzi ule.

Kwa hiyo "kwa maoni ya kampuni" haina maana ya "kama kampuni inavyotaka". Waambieni wake zenu waweke nakala ya mkataba nyumbani, pamoja na jina la kampuni inayomiliki meli, si la wakala aliyekuchukua tu. Siku ya siku ikifika, wakala ndiye wa kwanza kuzima simu.

Baharia_Wete

Allah akulipe kheri. Nimeshampigia mke wangu, nakala ataiweka kwa kaka yangu Chake.

Mapokezi_Stone_Town

Naomba nami nisaidiwe. Nimekuwa mapokezi miaka minne. Tangu amekuja meneja mpya natukanwa mbele ya wageni, na juzi nimepelekwa dobi bila ya barua kwa sababu nilikataa kusema uongo juu ya chumba. Nataka kuacha kazi niwadai. Inawezekana?

Bin_Kiuyu

Pole sana dada. Usiache kazi leo. Nisikilize kwanza.

Upo msingi unaosema mwajiri akivunja mkataba kwa kiwango kikubwa, mfanyakazi anaweza kuondoka na ikahesabiwa kwamba amefukuzwa. Kesi yake maarufu ni Western Excavating dhidi ya Sharp, 1978. Wengi huitaja bila ya kusema kwamba yule mfanyakazi alishindwa. Alisimamishwa siku chache bila ya mshahara kwa kuondoka kazini mchana bila ruhusa, akaishiwa pesa, akaomba apewe mapema malipo yake ya likizo, akakataliwa, akaacha kazi ili ayapate. Lord Denning na wenzake walisema mwajiri kuwa mgumu si kuvunja mkataba. Lazima uvunjaji uwe umefika kwenye mzizi wa mkataba, uondoke kwa sababu hiyo, na usikawie mpaka ionekane umeridhika. Mahkama ya Rufaa ya Kenya nayo ilikichukua kipimo hicho cha mkataba mwaka 2015, katika kesi iliyoihusu Coca-Cola East and Central Africa, kwa hiyo kipimo hiki kishafika Afrika Mashariki.

Na ni sharti gani linavunjwa mtu akitukanwa? Ni lile la kuaminiana. Bunge la Malodi lililithibitisha mwaka 1997 katika kesi ya Malik dhidi ya BCCI, benki iliyoanguka 1991 kwa ufisadi mkubwa. Wafanyakazi wasio na hatia walikosa kazi kwengine kwa sababu ya kuwa na jina la benki ile kwenye wasifu wao. Ikasemwa kwamba mwajiri hana ruhusa, bila ya sababu ya haki, kuendesha mambo kwa namna ya kuvunja imani baina yake na mfanyakazi. Ila ujue pia si nchi zote zimelikubali. Mahkama ya juu kabisa ya Australia ililikataa 2014 katika kesi ya Commonwealth Bank, ikisema jambo kubwa kama hilo liachiwe bunge. Msuluhishi akikuuliza, usidai kwamba dunia nzima imekubaliana.

Kwako wewe lenye nguvu zaidi ni kuhamishwa dobi. Barua yako inasema mapokezi? Basi hilo ni neno lililoandikwa na limevunjwa wazi, huhitaji hata kumtafuta Malik. Andika barua ya kulalamika, taja tarehe na mashahidi, mpe muda wa kujibu. Endelea na kazi ya dobi ukiwa umeandika kwamba unaifanya kwa kupinga. Asipojibu, nenda DHU mapema. Muda wa kufungua malalamiko una ukomo.

Mtumishi_wa_Mkoani

Mimi niliahidiwa posho ya nyumba "ya kudumu" nilipokubali kuhama kutoka Pemba kwenda Unguja. Sasa kampuni inasema saini mkataba mpya usio na posho au tutakupa notisi. Notisi si haki yao?

Bin_Kiuyu

Kwa karatasi ni haki yao, na mpaka hivi karibuni ningekwambia huna la kufanya. Lakini Septemba 2024 Mahkama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya chama cha wafanyakazi USDAW dhidi ya Tesco, kampuni ya maduka makubwa. Maduka yale yaliwahamisha wafanyakazi wa maghala na kuwaahidi nyongeza ya mshahara ya kudumu ili wakubali kuhama. 2021 wakataka kuiondoa: chukua nyongeza ya miezi 18 kwa mkupuo mmoja, au tunakufukuza na kukuajiri upya bila ya nyongeza. Majaji walisema nguvu ya kutoa notisi ipo, lakini mkataba una sharti ndani yake kwamba haitatumika kwa lengo la kumnyang'anya mtu kile alichoahidiwa kuwa cha kudumu. Wakaizuia kampuni kwa amri. Ni jambo la nadra mno katika sheria ya kazi.

Kila kitu kwako kinategemea maandishi ya ahadi ile. Neno "ya kudumu" limo kwenye barua, au lilisemwa kwa mdomo tu barazani? Itafute barua kabla hujajibu lolote.

Tembeza_Wageni

Na sisi wa kampuni za utalii? Nikiacha kazi naweza kuondoka na namba za WhatsApp za wageni wangu?

Bin_Kiuyu

Hapana, na nashukuru umeuliza, maana masharti haya yanamfunga na mfanyakazi pia. 1895, Robb dhidi ya Green: meneja alinakili majina ya wateja wa bosi wake kutoka kwenye daftari ili aanzishe biashara yake. Alishindwa, ingawa mkataba haukuwa na neno lolote juu ya orodha ile. Uaminifu ulikuwamo. Ujuzi wako, lugha zako na njia za Jozani unazozijua ni vyako, ondoka navyo. Orodha ya wateja iache.

BintiJambiani

Kaka, la mwisho. Mwezi ujao wenzangu watatu ambao barua zao hazina kile kifungu changu wataambiwa waende nyumbani. Waandike nini siku hiyohiyo?

Bin_Kiuyu

Waandike hivi, kwa mkono inatosha:

"Leo, tarehe fulani, nimeelezwa na meneja kwa mdomo kwamba nisije kazini mpaka nitakapoitwa. Mkataba wangu ni wa mshahara wa mwezi na hauna kifungu cha kusimamishwa bila ya malipo. Niko tayari kufanya kazi kila siku ya zamu yangu. Naomba nijulishwe kwa maandishi: tarehe ya kurudi, kama ajira yangu inaendelea, na utaratibu wa mshahara wangu kwa kipindi hiki."

Sentensi ya "niko tayari kufanya kazi" wasiiache, ndiyo itakayomzuia mwajiri kusema baadaye kwamba waliondoka wenyewe. Nakala mbili. Moja waiache ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyimwa muhuri, waitume kwa WhatsApp ya meneja mbele ya shahidi, na wasiifute.

BintiJambiani

Nimenakili. Nitawapelekea leo jioni.